Kutu Haikuingia

"Mafuta yangu ya kupikia yako wapi?"

Fundi alikuwa amechutama mlangoni akifunga kamba za viatu vyake vya kazi. Hakuinua uso. Mkewe alisimama katikati ya chumba, chupa mkononi, akaipindua kichwa chini ili hata kipofu ajue kwamba hakuna kinachodondoka.

"Nakuuliza wewe, baba watoto. Au siku hizi tuna panya wanaofungua vizibo?"

"Nimechukua kidogo."

"Kidogo ni hiki kilichobaki. Ulichochukua ni yote!"

"Ni ya kupangusia nje tu," alisema Fundi, kwa sauti ya mtu anayedhani maelezo yatamwokoa. "Ndani tunaweka ya mashine, ya kweli. Haya ni ya kupaka juu juu, unyevunyevu usiguse chuma."

Salaale! Kuna wanaume wanaoiba vya nyumbani wakapeleka kwa nyumba ndogo, na mke wa namna hiyo akichoka anaweza walau kwenda kumvua mwenzake kilemba. Huyu mke mwenza wake alikuwa wa chuma, amefungwa sakafuni kwa boliti, na uzito wake ulizidi wa nyumba waliyokuwa wakiishi. Ungemwendea na nini?

Majirani walimwita Cherehani. Alikuwa akishona kweli, viraka na sare za shule, lakini jina lilitokana na ulimi wake. Asubuhi ile ulimi ulifanya kazi yake. Alimwambia mumewe kwamba watoto watakula mboga ya kuchemsha, wakiuliza sababu watumwe kiwandani wakalambe mashine. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Nimekosa," akaondoka. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Kugombana na mtu anayekubali kosa ni sawa na kutwanga maji.

Kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa tangu binti yao mdogo akiwa tumboni, na sasa binti huyo alikuwa anajua kusoma. Mshahara ulikoma, umeme wa kiwandani ukakatwa, ila hakuna aliyekuja kuwatoa katika nyumba za wafanyakazi, safu za vyumba viwili viwili nyuma ya ukuta wa kiwanda. Na kila asubuhi, saa ileile king'ora kilipokuwa kikilia zamani, Fundi na wenzake walipita getini. Mlinzi, waliyemwita Koplo, aliwafungulia bila kuuliza. Walipangusa, wakatia mafuta, wakazungusha magurudumu kwa mkono ili vyuma visigande, kisha wakarudi makwao kukaa na njaa kama watu wengine.

Ukiwauliza sababu, walikuwa na jibu moja. Wiki ile bendera ya wakoloni iliposhushwa, meneja wa mwisho wa kizungu alisimama getini, sanduku lake likiwa garini, akawaambia wafanyakazi: nipeni mwaka mmoja tu. Kutu itazila mashine hizi, na mtanililia nirudi. Kisha akacheka, akapanda gari. Baba yake Fundi alikuwepo pale, wakati huo mfagiaji tu. Wanaume wale waliapa papo hapo kwamba kutu haitaingia, na wakawaapisha wana wao waliporithi kazi.

Na kutu haikuingia. Vingine vyote viliingia. Kiwanda kikawa mali ya umma, watu wakapewa nyumba na kofia, na kwa miaka kadhaa nchi nzima ilivaa nguo iliyofumwa na wenyewe. Hilo msije mkadanganywa kwamba halikutokea. Halafu vipuri vikawa haviuzwi ila kwa fedha za kigeni. Pamba ya wakulima ikapangiwa bei na watu wasiojua hata mmea wake ukoje. Ikaja mikopo, na mikopo ikaja na masharti, na masharti yakafungua bandari kwa mitumba, shati zima kwa bei ya kifungo. Nani atanunua kitambaa kipya? Milango ikafungwa. Lakini ndani mashine ziling'aa.

* * *

Jumapili alikuja kaka yake Cherehani kutoka mji wa pili. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye mashine tatu za kusaga nafaka na kelele za mtu aliyezoea kuzungumza karibu nazo. Alipewa kiti. Fundi alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Shemeji, sina maneno mengi," alisema kaka mtu, na hapo akaongea mpaka chai ikapoa. Fundi wa mashine zake ameacha kazi. Anamtaka mtu mwaminifu, wa nyumbani. Mshahara upo, si wa kutajirika, lakini upo kila mwisho wa mwezi. Na nyuma ya kinu kuna vyumba viwili vina umeme. "Njoo na mke wako na wanangu. Shule ipo hatua mbili. Unasemaje?"

"Nakushukuru, shemeji. Nitafikiria."

"Fikiria upesi. Kuna mtu mwingine ameshakuja na vyeti vyake. Nimemwambia nitampa jibu Ijumaa."

Cherehani, aliyekuwa amesimama karibu na pazia, alimkodolea mumewe macho mpaka yakamuuma. Fundi alikuwa anaangalia viganja vyake.

"Kinachokukalisha hapa ni nini?" kaka mtu akauliza, safari hii bila kucheka. "Unapangusa mashine za serikali bure. Hiyo serikali inajua hata jina lako?"

"Si za serikali. Ni zetu."

"Zenu? Basi uzeni moja mle!"

Watoto walicheka, maana mjomba alisema kwa namna ya kuchekesha. Fundi naye alijaribu kucheka. Wakati wa kuaga, mgeni alitoa noti akamkunjia kijana wao mkubwa kiganjani, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini ya chini ya mtu wa kinuni, "Mpe mama anunue mafuta." Kumbe watoto walikuwa wameshamsimulia. Fundi aligeuka akaanza kuichunguza bawaba ya mlango, ambayo haikuwa na ubaya wowote.

Walipobaki wawili Cherehani hakupiga kelele. Alisema taratibu, "Ijumaa tunaondoka."

"Jumatano wanakuja wawekezaji kukagua. Wamekinunua kiwanda. Koplo ameambiwa afagie."

"Wawekezaji hao niliwasikia mwaka juzi."

"Hawa wamelipa. Nipe mpaka Jumatano tu, mama watoto. Isipowezekana, nitaufunga mzigo mimi mwenyewe, na kwa kaka yako nitaenda hata kufagia."

Alimtazama. Fundi hakuwa na desturi ya kuahidi asichokusudia, na Cherehani alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akampa mpaka Jumatano.

* * *

Siku yenyewe wanaume walivaa ovaroli zilizopigwa pasi ya mkaa. Wanawake na watoto walijipanga kwenye uzio wa waya. Yaliingia magari matatu. Akashuka mheshimiwa mmoja wa serikali aliyekuwa akijifuta jasho kabla hajaanza kulitoa, akashuka mhandisi wa kampuni, mgeni, mrefu, mkimya, na kijana wa mjini aliyevaa tai nyembamba, mkalimani wao. Walikuwa wamekuja na jenereta ya kukokotwa. Waliingia ndani, milango ikafungwa.

Muda ukapita. Wanawake walianza kutaniana ili wasinyamaze. "Wanakula nini huko ndani?" "Wanakula maneno." Ndipo ardhi ikaguna. Mwanzo ilikuwa kama lori linalopita mbali, halafu ikaja sauti yenyewe, ta-ka-ta, ta-ka-ta, mashine moja, nyingine ikapokea, nyingine tena, mpaka waya wa uzio ukawa unatetemeka mikononi mwao. Binti mdogo wa Cherehani alimshika mama yake sketi kwa woga. Hakuwahi kuusikia mlio huo maishani mwake. Mwanamke mzima wa jirani alikaa chini vumbini akalia kwa sauti. Vigelegele vilipigwa. Na Cherehani, aliyekuwa ameitukana sauti ile tangu alipoolewa kwa kumnyima usingizi, alijikuta uso mzima umelowa machozi, anacheka, hajui aufute kwa kitu gani.

Milango ilipofunguliwa mhandisi alitoka ameinua kidole. Alikuwa amekipitisha kwenye mhimili wa mashine ya Fundi, na sasa alikuwa anakitazama. Akasema maneno kwa lugha yake.

"Anasema," mkalimani akapaza sauti, "amezunguka nchi nyingi, na hajaona mashine za umri huu zilizotunzwa namna hii."

Wanaume walishangilia wakamnyanyua Fundi juu juu, na mzee Bendera naye akanyanyuliwa. Huyu alikuwa mfumaji wa zamani kuliko wote, na jina alilipata kwa sababu ndiye aliyepanda mlingoti wa kiwanda siku ya uhuru kuishusha ile ya wageni. Bendera alikuwa anapiga kelele peke yake huko juu, "Yuko wapi yule meneja? Mleteni aone!" Mheshimiwa akahutubia kidogo. Kazi inaanza Jumatatu, alisema. Kila mtu aliyekuwa humu ataandikwa.

Jioni Cherehani alijifunga leso aende dukani kwenye simu.

"Unaenda kumwambia nini?" Fundi alimuuliza.

"Nimwambie ampe kazi yule mwenye vyeti. Kwani tutakaa tumemshikia mtu riziki yake?"

"Ijumaa bado. Ngoja hata tuandikwe."

"Yaani wewe! Miaka yote hii nakuambia tuondoke, unaniambia tungoje. Leo nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe, nakuambia tumefika, bado unaniambia tungoje?" Alikuwa anacheka. Alimpiga kikofi cha bega, akatoka. Alikuwa na furaha, jamani, na mtu mwenye furaha humwambii kitu. Alimpigia kaka yake, akamshukuru sana, akamwambia mumewe amepata kazi yake. Kaka yake alimpongeza. Alimwambia pia kwamba huyo mwingine basi ataingia kesho yake.

* * *

Jumatatu malori yalikuja matupu, ila la mbele lilikuwa limepakia mbao. Mbao, misumari, na masanduku makubwa ambayo hayajapigiliwa. Wanaume walisimama uani wakiyatazama. Walidhani labda ni ya pamba.

Mkalimani alipanda juu ya ngazi akasoma. Wafanyakazi wote waliojiandikisha watalipwa kwa kutwa, kwa kazi ya kufungua mashine, kuzipaka grisi na kuzipakia. Kazi itachukua wiki tatu.

"Kuzipakia ziende wapi?" aliuliza Bendera.

"Kampuni ina kiwanda kipya, mzee. Nchi nyingine."

"Na hapa?"

"Hapa patakuwa ghala."

"Ghala la nini?"

Kijana alilegeza tai yake. "La nguo."

"Nguo zipi, mwanangu?"

"Mitumba," alisema mkalimani.

Kuna mtu alicheka, kwa nyuma. Bendera alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena, akaondoka bila kuaga. Wengine walibaki. Wana watoto. Fundi alibaki.

Alimsimulia mkewe jioni, amekaa kitandani na viatu miguuni. Kijana wa tai alimvuta pembeni. Hakuwa mtu mbaya, alisema Fundi. Alikuwa kama anataka kuomba radhi. Mkataba ulikuwa hivi: mashine zikikaguliwa zikaonekana mbovu, kampuni italazimika kuleta mpya na kukifungua kiwanda hapahapa. Zikionekana nzima, ni mali yake, izitumie popote. Waliouandika huko wizarani walijua kiwanda kimefungwa miaka mingi. Haikumwingia mtu akilini kwamba vitu hivyo vitakuwa vizima.

Jambo lenyewe lilimfikia Cherehani polepole.

"Kwa hiyo mngeziacha zikaoza..."

"Ndiyo."

"Ungeniachia mafuta yangu, ukalala mpaka saa nne kama wanaume wengine wasio na kazi..."

"Ndiyo, mama watoto. Ndiyo."

"Na kesho utaenda kuzing'oa?"

"Nisipozing'oa mimi, watazivunja."

Hapo akaja juu. Alimwita mjinga, akamwita mtumwa, akamwambia baba yake alimrithisha laana akaiita kazi. Alisema mpaka majirani walionyamaza kusikiliza wakaona aibu wakaanza kukohoa. Lakini chini ya maneno yote hayo lilikuwepo moja ambalo hakulisema, na ndilo lililokuwa linamchoma: simu ile alipiga yeye.

Akapiga nyingine. Alisimama dukani, watu watatu nyuma yake kwenye foleni wakimsikia, akambembeleza kaka yake wa tumbo moja kama mtu anayeomba kazi kwa mgeni.

"Dada, si uliniambia mwenyewe? Mtu ameshahamia, yeye na mke wake. Nitamtoa vipi? Sababu niseme nini?"

"Hata chumba kimoja, kaka."

"Vyote viwili wamo." Mashine za kusaga zilisikika nyuma yake. "Nitumie kijana mkubwa. Huyo nitamweka kwangu, atanisaidia kubeba magunia, na shule tutaona. Zaidi ya hapo, dada, wallahi sina."

Wiki iliyofuata Koplo alizunguka nyumba kwa nyumba, ameinamisha kichwa, akiwaambia watu aliowafungulia geti miaka yote kwamba nyumba nazo ni za kampuni. Mwisho wa mwezi ziwe tupu. Yeye pia alikuwa amepewa mwezi.

* * *

Kazi ilikwisha siku ileile ya meli. Asubuhi hiyo ilibaki mashine moja, na watu wote wa nyumba zile walikuja uzioni kama wanaosindikiza jeneza. Winchi iliinyanyua kutoka sakafuni, ikaitoa mlangoni taratibu, ikaifikisha juu ya lori. Pale ikanasa. Mnyororo ulijipinda juu ya gurudumu, ukaanza kusaga meno. Dereva wa winchi alivuta mpini huu, akavuta ule. Mashine ilining'inia hewani, haishuki, hairudi.

Mhandisi alitazama saa yake. Koplo aliwanong'oneza waliokuwa karibu: meli inaondoka jioni, na kibali cha kuzitoa nchini kinakwisha leo. Isiposhuka sasa, hii haiendi.

Neno hilo lilipita uzioni mdomo kwa mdomo. Hii haiendi. Ungemuuliza mmoja wao wangeifanyia nini mashine moja ya kufuma, bila umeme, bila uzi, bila paa, asingekuwa na jibu. Lakini wote waliitaka ibaki. Bendera, aliyekuwa hajakanyaga pale tangu siku ya mbao, alishika waya kwa mikono miwili akaanza kusema, "Kaa. Kaa hapohapo." Cherehani alijisikia naye anasema. Kaa.

Dereva alijaribu tena. Mnyororo ulilia mlio mbaya, wa chuma kinachokula chuma. Mkalimani aliwageukia vibarua. "Hakuna anayejua? Hakuna wa kusaidia?" Wanaume waliangalia chini, wakakunja mikono.

Fundi aliangalia juu.

"Usifanye hivyo," Cherehani alisema kwa sauti ndogo, na mumewe alikuwa mbali, asingeweza kusikia.

Alikwenda akachukua nondo. Alipanda kwenye mguu wa winchi, mtu mzima mwenye magoti mabovu, akajilaza juu ya chuma, akaipenyeza nondo chini ya mnyororo. Alivuta pumzi akasukuma mara moja. Mnyororo ukakaa mahali pake. Mashine ikashuka juu ya lori polepole mno, hata mbao hazikulia.

Hakuna aliyepiga makofi. Bendera aliachia waya, akatema mate, akaondoka. Wenzake Fundi walimpisha alipokuwa akipita katikati yao, wakampisha zaidi ya ilivyohitajika. Alikuja mpaka uzioni, kwa mkewe, akifuta mikono kwenye ovaroli.

"Kwa nini?" Cherehani alimuuliza. "Niambie tu. Kwa nini?"

"Hukusikia ilivyokuwa ikilia? Mnyororo ungekatika. Ingeanguka."

"Si ungeiacha ianguke!"

"Ingevunjika, mama watoto," alisema Fundi.

Alisema kama mtu anayetaja jambo baya kuliko yote yanayoweza kutokea duniani. Nyuma yake lori lilikuwa linawashwa. Alikuwa akimtazama mkewe kwa macho ya kungoja, na Cherehani akaona kwamba mtu huyu, aliyempotezea nyumba, aliyewafikisha hapa, alikuwa anataka kitu kimoja tu: aambiwe kwamba amefanya vizuri. Hakukuwa na mwingine tena wa kumwambia.

"Umefanya vizuri, baba watoto," alimwambia.

Kisha akageuka akarudi nyumbani haraka. Basi la mji wa pili lilikuwa linaondoka saa nane, na alikuwa bado hajamfungia kijana nguo zake.